Lenzi laini na sura zetu

Kwa anayeishi Tunduma au anayepita hapa mara kwa mara, picha ya sura ina maana moja: pasipoti saizi. Unasimamishwa mbele ya kitambaa, unaambiwa usicheke, vua kofia, inua kidevu kidogo, masikio yaonekane. Baada ya dakika chache umekabidhiwa vipicha vyako na unaelekea Nakonde. Picha hiyo haina huruma, na wala haitakiwi kuwa nayo. Afisa wa uhamiaji anataka kukutambua, hana haja ya kukupenda.

Leo naandika juu ya picha ya upande wa pili kabisa, na vioo vilivyotengenezwa makusudi kwa ajili yake. Nazungumzia zile kamera kubwa za mbao, zenye mfuko wa mikunjo kama kinanda cha kodiani, ambazo mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi ili aone sura yako imegeuka miguu juu kwenye kioo cha nyuma. Kamera hizo zilitumia sahani za kioo, baadaye filamu za karatasi moja moja, nyingine kubwa hata inchi 8 kwa 10. Na kati ya lenzi zake kulikuwa na ukoo mmoja wa ajabu, lenzi laini, ambazo fundi alizitengeneza zikiwa na kasoro na akaiacha kasoro hiyo kwa makusudi.

Ngoja nieleze kasoro yenyewe, maana ndiyo utamu wa jambo hili. Katika kioo cha kawaida cha mviringo, miale inayopita katikati hukutana mahali fulani, na ile inayopita pembezoni hukutana mahali pengine. Mafundi wa lenzi walipigana na tabia hiyo miaka na miaka. Wa lenzi laini waliiacha ifanye kazi. Matokeo yake si picha iliyotikisika wala iliyokosewa kulengwa. Ni picha mbili zimelala pamoja: moja kali chini yake, na juu yake utando wa mwanga unaovuja kutoka sehemu nyeupe. Macho unayaona, kope unazihesabu, lakini ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi jioni. Ukibana tundu la lenzi, miale ya pembezoni inakatwa na picha inakuwa kali. Ukilifungua, ukungu unarudi. Yaani ulaini ulipimwa kwa mkono.

Historia yake ni ndefu kidogo. Mwaka 1840 Josef Petzval, mwanahesabu wa Vienna, alibuni lenzi ya kwanza yenye mwanga wa kutosha kwa picha za sura, na kampuni ya Voigtländer ikaitengeneza. Ile ilikuwa kali katikati na kulegea pembezoni tu. Mwaka 1866 Dallmeyer wa London akatoa lenzi ya sura ambayo unazungusha kipande cha nyuma kama kifuniko cha chupa, na ukali unapungua kadiri unavyotaka. Mwanzoni mwa karne ya 20, Pinkham & Smith wa Boston walitengeneza lenzi laini kwa wapiga picha waliotaka kazi zao zitundikwe ukutani kama michoro. Wollensak wa Rochester wakaja na Verito, iliyoingia studio nyingi za Marekani. Heinrich Kühn, mpiga picha, alishirikiana na fundi Franz Staeble, na kazi yao ikaishia kuwa Imagon ya Rodenstock, iliyotoka karibu na mwaka 1930. Hiyo Imagon ina visahani vyenye matundu madogo madogo mfano wa chujio la chai, unabadilisha chujio ukitaka ukungu zaidi.

Sasa basi, wakati Boston na London wanashindana nani ana ukungu mtamu zaidi, huku kwetu ilikuwaje?

Mpaka huu tunaouvuka na mizigo ulipangwa katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890, na mwaka 1898 tume ya pamoja ya wapimaji ikapita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Miaka hiyo hiyo alikuwepo ukanda wa Nyasa daktari wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, Friedrich Fülleborn. Mwaka 1902 alichapisha Berlin kitabu kuhusu maumbile ya miili ya watu wa nchi za kaskazini mwa Nyasa, chenye picha za watu wa mbele na ubavuni, zimepangwa kama sampuli. Sura kavu, mwanga mkavu, ili msomaji wa Berlin alinganishe pua na paji la uso. Lenzi laini isingemfaa kabisa, huwezi kupima pua kwenye ukungu. Na ukiitazama picha ya pasipoti leo, mbele kitambaa kitupu na uso usiocheka, utaona undugu wake na picha zile. Sisemi ni kitu kimoja. Nasema zimetoka nyumba moja.

Kuna jambo jingine kuhusu ukali ule. Sahani za wakati huo ziliuona vizuri mwanga wa bluu, lakini nyekundu hazikuiona. Ngozi ya kahawia ina wekundu ndani yake, kwa hiyo ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Watu wetu waliingia kwenye vitabu vile wakiwa wameongezewa giza na dawa ya sahani, si na jua.

Lakini msidhani ulaini peke yake ni heshima. Mwaka 1897 huko Boston, F. Holland Day alimpiga picha Mmarekani mweusi akiwa amevalishwa kama mfalme, akaiita Menelik. Picha nzuri, laini, na yule kijana hakuwa Menelik. Mmoja alipimwa, mwingine alivalishwa.

Ulaini wa kwetu ulipita mlango mwingine: penseli. Katika studio za picha za miji yetu, kama Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza Unguja mwaka 1930, au studio ya Parekh Mombasa, mteja alilipa, alichagua pozi, na alitaka atoke mzuri. Kazi ya kusafisha sura katika ufundi huo ilifanyika kwenye negativu. Fundi anaiegemeza mbele ya mwanga, anachonga penseli mpaka inakuwa kama sindano, na anajaza mikunjo kwa vinukta. Kumbuka kwenye negativu mambo ni kinyume: alichoweka cheusi, kwenye karatasi kinatoka cheupe. Ndiyo maana penseli ilikuwa na tabia moja isiyokwepeka, kila ilipolainisha, ilitakatisha. Bibi anaondolewa makunyanzi na papo hapo anaongezewa weupe kidogo, bila kuomba.

Hapo ndipo napoona tulipopotezea kitu. Programu za urembo kwenye simu zetu ni wajukuu wa penseli, si wa lenzi. Zinafuta vinyweleo, zinafuta kovu la ndui, na mara nyingi zinakung'arisha kama mkorogo. Lenzi laini haikufuta kitu. Kovu linabaki pale chini, limefunikwa na mwanga tu. Na uso mweusi wenye jasho kidogo ndio ungeifaa sana, maana utando ule huanzia pale mwanga unapogonga: kwenye paji la uso, kwenye shavu, kwenye ncha ya pua.

Kama nyumbani kuna albamu ya zamani, jaribuni hivi. Itazameni nguo kwanza kabla ya uso. Kanzu nyeupe au leso ikiwa na mwangaza unaovuja ukingoni, hiyo ni lenzi. Nguo ikiwa kali mpaka uzi unaonekana, halafu shavu ni laini kama yai, hapo alipita mtu na penseli.