Baragumu na Sikio Lililozibwa

Neno "mtumba" lina umri mkubwa kuliko soko la Karume. Kabla halijawa shati la mtu wa Ulaya lililotundikwa kwenye kamba Ilala, mtumba ulikuwa robota la kitambaa lililofungwa pwani, likabebwa na binadamu kwa miguu hadi Tabora. Kwa hiyo nilicheka kidogo pale rafiki yangu mmoja, mtu wa muziki, aliponiambia kwamba hedifoni kubwa za dukani ni "mitumba tu", na kwamba mtu anayeheshimu masikio yake huvaa eafoni za kushonesha.

Kushonesha alikuwa na maana kweli. Unakwenda kwa mtaalamu wa masikio, anakumulika ndani kwa taa, anatanguliza kijisifongo chenye uzi ili kulinda ngoma ya sikio, halafu anajaza silikoni laini mpaka nje. Baada ya dakika chache anaichomoa ikiwa imeshika umbo lako, na kwa umbo hilo linafinyangwa ganda gumu lenye vispika vidogo ndani. La kushoto halivaliki kulia. Vifaa vya aina hii vilipata nguvu jukwaani: mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa sauti wa bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma wao, Alex Van Halen, ili asikie wenzake katikati ya kelele bila kuzidisha kelele nyingine. Hedifoni za kufunika sikio ni za zamani zaidi. Nathaniel Baldwin wa Utah aliliuzia jeshi la majini la Marekani za kwanza zilizofaa kweli mnamo 1910, kwa ajili ya watu wa redio. John Koss akaleta za stereo za kusikilizia muziki mwaka 1958.

Ipi bora, basi? Watu hubishana kwa namba. Mimi kazi yangu ni uandishi wa habari, nashinda na sauti za watu masikioni nikizigeuza kuwa maandishi, na kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Naona njia ile ina la kusema katika ubishi huu, kwa sababu ilikuwa njia iliyoendeshwa kwa sikio.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kaze, ndiyo Tabora yenyewe, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne. Kitabu alichokitoa Burton mwaka 1860 kimejaa dharau kwa Waafrika, tuseme ukweli, lakini kina jicho la karani wa forodhani: hakiachi kitu. Humo tunamwona kirangozi akitangulia na joho lake jekundu na manyoya kichwani, nyuma yake mtu anayegonga ngoma ndogo. Halafu wabeba pembe za ndovu, ncha ya jino ikitazama mbele, na kwenye ncha hiyo imefungwa kengele kubwa kama ya ng'ombe. Wanafuata wenye vitambaa na shanga, kisha wengine. Baragumu la pembe ya mnyama linalia kuwaamsha watu na kuwaondoa kambini. Wakikaribia mji, bunduki zinapigwa hewani.

Burton aliyaandika mengi ya haya kama makelele. Lakini jiweke mahali pa mpagazi wa mwisho. Njia ni nyembamba, mtu mmoja nyuma ya mwingine, majani yamekupita kimo. Humwoni kirangozi, pengine humwoni hata wa kumi mbele yako. Unachonacho ni sauti. Kengele ikififia, umeachwa. Ngoma ikinyamaza, kuna jambo mbele. Wimbo ukianzia mbele na kukufikia wewe wa mkiani, unajua mstari bado haujakatika. Hivyo ndivyo ninavyosoma ukurasa ule: alichokiita zogo ndicho kilichowafikisha.

Sasa tuje kwenye starehe, maana wauzaji wa hedifoni hawaachi kuitaja. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Watu wa pwani walipendelea kubeba kichwani. Wanyamwezi walibeba begani. Kitambaa kilisokotwa kikakazwa mpaka kikawa robota refu na gumu, likafungwa na miti ili liwe jepesi kuinua na kuegesha. Na bega lenyewe liliandaliwa. Burton anasimulia kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza kubebeshwa vipembe vidogo tangu wadogo, na kwamba kijana asiyewahi kwenda pwani hakuhesabiwa mwanamume kamili. Mzigo ulifinyangwa ufuate bega, na bega likaota sugu lifuate mzigo.

Hapo rafiki yangu ana hoja. Hedifoni kubwa ni mzigo wa kichwani: gramu 250, 300, nyingine 400 zinalala utosini na kubana mashavu. Ivae Tabora mwezi wa Oktoba, kabla mvua haijashuka, uone jasho linavyojikusanya chini ya mito yake ya ngozi bandia. Eafoni za kushonesha ni gramu chache tu, na zikikaa vizuri unazisahau. Kwenye treni ya reli ya kati, au mbele ya spika za bendi, hazina mpinzani. Zinaziba kelele za nje kiasi kwamba husikii haja ya kupandisha sauti, na hilo ni jema kwa masikio. Nafikiria wanamuziki wa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, waliopiga miaka ambayo vitu hivi havikuwapo. Mwimbaji wa zama hizo alijisikia kwa kadiri alivyosimama karibu na wenzake.

Lakini sugu ya bega haikuazimika, na eafoni za kushonesha nazo haziazimiki. Huwezi kumwambia mtu "hebu sikiliza hii" ukamkabidhi. Zaidi ya hapo, mwili haukai palepale: mtu anazeeka, ananenepa au anakonda, na ganda lililokaa kama kidole na pete linaanza kuvuja sauti. Unarudi kwa fundi kupimwa upya, kwa bei ambayo wengi wetu tunailipia kodi ya nyumba.

Na kuna jambo moja ambalo maduka hayalitaji sana. Zibe masikio yako kwa vidole sasa hivi, utembee. Umesikia? Du, du, du. Ni kisigino chako, kinapanda kwa mfupa hadi kichwani. Tafuna: taya linanguruma. Sema jina lako: sauti inavuma kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Sikio likizibwa, sauti za mwili zinazopita kwenye mifupa hukosa pa kutokea, zinabaki ndani. Nimetembea barabara ya Kwihara, kuelekea kwenye tembe la makumbusho ya Livingstone, nikiwa nimevaa eafoni za kuziba kabisa, chini ya miembe ambayo wenyeji husimulia kuwa imeota kwa kokwa zilizotupwa na wasafiri wa misafara. Nilisikia muziki safi kabisa pamoja na miguu yangu mwenyewe. Baiskeli ilinipita begani sikuijua. Katika msafara, mtu wa namna hiyo angepotea siku ya kwanza.

Ndiyo maana kwa kazi ya historia nimechagua hedifoni, tena za mgongo wazi, zile ambazo upande wa nje una matundu na haukuzibwa. Zinavujisha. Mtu akikaa pembeni yako anasikia unachosikiliza, nawe unamsikia akikohoa. Besi yake haishindani na ya eafoni iliyokaa sawasawa. Ila sauti haikandamizwi ndani ya fuvu.

Tofauti hiyo naisikia zaidi katika rekodi alizozifanya Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950, zikiwamo za Wanyamwezi. Ni rekodi za chaneli moja, kwa hiyo tusidanganyane: hakuna kushoto wala kulia humo, na hakuna hedifoni itakayokujengea uwanja ambao kipaza sauti hakikuuchukua. Kwa eafoni nasikia pumzi kabla ya neno, kucha juu ya uzi. Kama natafuta silabi iliyomezwa, nazivaa hizo. Lakini sauti yote inasongamana katikati ya kichwa changu, kana kwamba naiwaza mimi. Kwa hedifoni za wazi, mwimbaji anarudi kuwa mtu mwingine, aliye mahali pengine, akiitikiwa na watu wake. Wanakuwa wageni wangu, na mgeni sharti umpe nafasi.

Nasema hivi kwa sababu kumbukumbu ya njia ile tumeipokea kwa sehemu kubwa kupitia masikio yaliyozibwa. Wazungu waliandika zogo. Wengine wetu tukaja na kosa la upande wa pili, tukageuza kila wimbo wa mpagazi kuwa furaha ya Afrika ya zamani, au kila mpagazi kuwa mtumwa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, anaonyesha kwamba Wanyamwezi wengi walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye masharti yao, wanaojua kugoma na kutoroka mkataba ukivunjwa. Na bado, katika misafara hiyohiyo walikuwamo watu waliofungwa minyororo, na minyororo nayo ina mlio. Ukisikiliza kengele ya pembe peke yake umechagua. Ukisikiliza mnyororo peke yake umechagua vilevile. Vyote vilitembea katika mstari mmoja.

Waswahili wenyewe waliandika pia. *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, una masimulizi ya watu waliokwenda bara kwa miguu yao, kama Selemani bin Mwenye Chande, na Kiswahili chake bado kinasomeka. Ningewashauri mkisome kwa sauti, wawili au watatu, mmoja akisoma na wengine wakimkatiza. Halafu tafuteni rekodi za 1950. Kama mna eafoni za bei mbaya, zitumieni mkiwa kwenye basi. Nyumbani chukueni hedifoni za wazi, au spika ndogo mezani na dirisha lisifungwe, ili hata jirani akipita aulize ni nani hao wanaoimba.