Mizani na Njia ya Mtoto

Siku ya kliniki twawaona akina mama wakipita njiani, watoto mgongoni, kadi zimefungwa katika pindo la kanga. Adhuhuri hurudi, na ukimwuliza mmoja wao, "Mtoto ameonekanaje?" hujibu, "Kilo saba." Basi, ndiyo yote. Wala hajaambiwa kwamba kilo saba peke yake si habari njema wala si habari mbaya. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi watu walivyofika kulielewa jambo hili, maana haikuwa kazi ya siku moja.

Huko Ufaransa, mwaka 1759, bwana mmoja, jina lake Philibert Guéneau de Montbeillard, alipata mtoto wa kiume. Akampima urefu, akaandika. Na tangu hapo akawa akimpima kila yapata miezi sita, hata mwaka 1777, kijana alipokuwa na umri wa miaka 18. Rafiki yake Buffon, mwanachuoni wa habari za viumbe, akaitia hesabu hiyo katika kitabu chake. Faida yake ni kwamba baba huyu alimfuata mtoto mmoja, yule yule, mwaka kwa mwaka. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba mtoto hakui kwa mwendo mmoja: kwanza huenda mbio sana, kisha hupunguza mwendo, na akikaribia utu uzima huenda mbio tena kwa kitambo, hata akasimama.

Montbeillard alipima ili ajue. Wengine wakaja kupima ili waokoe. Katika mji wa Paris watoto wachanga wengi walikufa kwa kuhara, hasa wakati wa joto. Mwaka 1892 daktari Pierre Budin aliwataka akina mama waliozaa katika hospitali ya Charité warudi na watoto wao kila juma. Mtoto alitazamwa, akapimwa uzito, na uzito ukaandikwa. Mama akatiwa moyo anyonyeshe, na asiyeweza akapewa maziwa yaliyochemshwa vema. Hivyo mizani ikaanza kutoa habari mapema, kabla mtoto hajalala kitandani.

Lakini daftari lilikaa kwa daktari. Katika miaka ya 1950 Mwingereza mmoja, daktari David Morley, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni huko Ilesha, Nijeria, akawahudumia watoto wa kijiji cha Imesi. Yeye alitengeneza kadi yenye mistari miwili iliyopinda, na nafasi iliyo katikati akaiita njia ya afya. Kila mwezi hutiwa nukta, na nukta huunganishwa. Nao mstari ukipanda, mtoto anaendelea; ukilala, kuna jambo; ukishuka, ni hatari. Tena kadi hiyo alimkabidhi mama aiweke nyumbani, kwa kuwa mtoto ni wake.

Jambo hili latuhusu sana. Kwetu mtoto akidhoofu, majirani hunong'ona kwamba amebemendwa. Mama huona haya, akamficha mtoto ndani, na siku za kumponya zikapita. Kadi haina manong'ono. Huonyesha mwezi ambao mstari ulilala, na mama hukumbuka: ndio mwezi wa homa, au ndio mwezi alioachishwa ziwa akapewa uji mtupu.

Hata hivyo kipimo chenyewe chaweza kukosea. Jedwali lililotolewa Marekani mwaka 1977, likatumika katika nchi nyingi, lilitokana kwa sehemu kubwa na watoto walionyweshwa maziwa ya chupa. Basi mtoto wa ziwa, ambaye baada ya miezi michache ya kwanza huongezeka polepole kuliko yule wa chupa, alionekana kama amerudi nyuma. Mama mwenye maziwa tele akadhani hayatoshi, akaanza uji au chupa mapema. Na penye maji machafu, chupa ni mlango wa kuhara.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wapatao 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, wanyonyao ziwa la mama na walio katika makao mazuri. Jedwali jipya likatolewa mwaka 2006. Ikaonekana kwamba watoto wadogo wa Accra, wa Maskati na wa Oslo, wakitunzwa vema, hukua karibu sawasawa. Basi tusiseme, "Watoto wa kwetu ndivyo walivyo, wadogo." Mara nyingi udogo huo ni wa sahani na wa maradhi, si wa kabila.

Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za kwanza, na katika majuma mawili hivi hurudia uzito wake. Yapata mwezi wa tano huwa maradufu, na akitimiza mwaka, mara tatu. Walakini asilinganishwe na mtoto wa jirani, bali na nafsi yake ya mwezi uliopita. Mama akiisha kupimiwa mtoto, asiondoke kabla hajauliza, "Mstari umekwenda wapi?" Na baba naye aitazame kadi jioni, kwa maana mizani hutoa habari tu, haimlishi mtoto.