Chaza Katika Shamba la Mizabibu

Kwenye mteremko wa Les Clos, shamba la mizabibu la Chablis, kaskazini mwa Burgundy, Ufaransa, niliokota jiwe la kijivu lililojaa vigamba vidogo vya chaza, vimejikunja kama mkato wa maandishi. Mimi ni mtoto wa Lamu. Babu alikuwa mchoma chokaa, na jiwe la bahari nalitambua. Lakini Chablis iko mbali na pwani! Kumbe bahari ilitanda hapa miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Aina ya zabibu ya wakulima wa Chablis ni moja tu, Chardonnay. Watawa wa Pontigny, abasia iliyoanzishwa mwaka 1114, waliistawisha kazi ya mvinyo hapa. Mapipa yalipakiwa mashuani Auxerre, yakateremka mto Yonne hadi Paris. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu filoksera alishambulia mizizi, huku reli ikimwaga Paris mvinyo rahisi wa kusini. Kufikia miaka ya 1950 zilisalia kama hekta 500 za mizabibu.

Adui mwingine ni jalidi ya Aprili. Wakulima walijifunza kuwasha majiko kati ya mistari usiku kucha, au kunyunyiza maji yagande juu ya machipukizi: barafu yenyewe huwa blanketi. Leo hekta zimepita 5,000.

Kileo situmii, ila mwenyeji aliponisogezea bilauri niliinusa: ndimu, kisha jiwe lililonyeshewa. Nikamkumbuka babu na tanuri lake. Jiwe nililirudisha shambani. Ndilo mali yao.