Besi ya Bei Rahisi, Sauti Tatu

Wasee, kabla uuze hiyo besi yako ya bei rahisi, hebu ifungue kwanza.

Yangu niliinunua ikiwa imetumika, hapa Thika, nilipoacha chuo. Jumapili napiga kanisani Ruiru, na hiyo bahasha ndiyo pesa pekee ninayojua itaingia kila wiki. Mwezi uliopita nikaambiwa sauti yangu inazama, nitafute gitaa ingine ama nimpishe mwenye nayo. Pesa sina. Nikachukua bisibisi.

Ndani kuna pikapu (si gari, tulieni): sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi ukitikisika hapo juu, umeme kidogo unazaliwa, ampu inaukuza. Leo Fender alipotoa Precision Bass huko California mwaka 1951, aliweka koili moja. Shida ni kwamba koili moja hushika pia stima ya ukutani, ile mmmm mnayoijua. 1957 akaigawa, kila nusu nyuzi mbili, zikazungushwa kinyume ili kelele ya moja iue ya nyingine. Ziliungwa moja nyuma ya nyingine, sauti ikatoka nene. 1976 ikaja StingRay ya Music Man: koili mbili bega kwa bega. Ukiunga hivyo nguvu inapungua, lakini noti inasikika wazi. Wao wakaweka betri ya kuongeza nguvu.

Sasa yangu ina koili mbili na waya nne. Kiwandani waliziunga moja nyuma ya nyingine, basi. Na kwa kanisa lenye kinanda kinachojaza huko chini, nene juu ya nene ni uji. Fundi wa simu akanichomelea swichi ndogo ya njia tatu: nene, wazi, ama koili moja na mmmm yake.

Lakini kitu kinaniuma. Wapigaji wetu wangapi walipata nafasi ya kufungua besi? Bendi nyingi za hapa Afrika Mashariki, vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz ya Dar, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ukihama, unaacha gitaa unaenda na vidole. Les Wanyika walijitoa Simba Wanyika 1978, halafu msikilize Tom Malanga kwenye Sina Makosa. Ondoa hiyo besi uone kama wimbo utasimama.

Wazee huniambia sauti iko vidoleni. Nusu nakubali. Nafikiri walisema hivyo pia kwa sababu vidole ndivyo vilikuwa vyao.

Jumapili iliyopita nikaweka swichi katikati, bega kwa bega. Mpiga kinanda akageuka kuniangalia mara mbili. Hakuna aliyeniambia nirudi, hakuna aliyeniambia nisirudi. Mazoezi ni Alhamisi.