Maji, Mawe na Mahekalu ya Chota Nagpur

Mgeni afikaye Ranchi, mji mkuu wa jimbo la Jharkhand katika India ya mashariki, hupewa orodha ya mambo ya kutazama. Orodha hiyo kwa kawaida huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maporomoko ya maji: Hundru, Dassam, Jonha, Hirni na Lodh. Ya pili ni ya mahekalu na mahali pa hija: Jagannathpur, Deoghar, Rajrappa, Maluti, pamoja na mlima Parasnath. Sehemu ya kwanza huitwa uzuri wa asili, na ya pili huitwa urithi wa dini. Katika makala hii twakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo, ijapokuwa wamfaa mtalii mwenye siku mbili, wafunika historia ya nchi yenyewe. Jambo hili latuhusu sisi Walutheri kwa namna ya pekee, kwa kuwa mojawapo ya makanisa ya kwanza ya imani yetu kujitegemea katika Asia lilizaliwa katika nyanda hizo za juu, na lilizaliwa katikati ya ugomvi juu ya mawe, misitu na mito iliyomo katika orodha ya mtalii.

Tuanze na maji. Nyanda za Chota Nagpur ziko kama mita 650 juu ya usawa wa bahari pale Ranchi, na kingo zake zimekatika ghafula. Mvua za masika ya India, kuanzia Juni hadi Septemba, hujaza mito nayo huanguka kingoni. Mto Subarnarekha, ambao jina lake maana yake ni mstari wa dhahabu (na kweli watu wameosha mchanga wake tangu zamani wakitafuta chembe za dhahabu), huanguka mita 98 pale Hundru. Mto Kanchi huanguka mita 44 pale Dassam. Lodh, upande wa magharibi, yapita yote kwa urefu, mita 143. Jonha huitwa pia Gautamdhara, nako pana madhabahu ya Buddha. Jina la Dassam husemwa kuwa latokana na maneno ya Kimunda yenye maana ya kumimina maji, kwani katika lugha hiyo maji ni *da*. Msomaji na aliweke neno hilo moyoni, maana majina ya mahali katika nchi hii ni ushahidi wa nani alifika kwanza.

Waliofika kwanza katika sehemu kubwa ya nyanda hizo ni Wamunda, na pamoja nao Waoraon, Waho, Wakharia na Wasantali. Walipofyeka msitu ili kulima, waliacha kipande kisichoguswa cha miti ya sal, nacho kikaitwa sarna. Hapo ndipo mahali pa ibada ya kijiji. Hapana paa, hapana ukuta, wala hapana sanamu. Katika sikukuu ya Sarhul, miti ya sal inapochanua, kuhani wa kijiji aitwaye pahan huweka mitungi ya maji ndani ya sarna usiku, na asubuhi hutazama kiasi cha maji kilichobaki ili kutabiri mvua ya mwaka. Juu ya yote yuko Singbonga, Muumba. Na chini yake ziko roho za milima, za miti na za maji. Kwa watu wa namna hii bonde lenye maporomoko lina mwenyewe. Mtu haendi pale kutazama tu.

Kitu cha pili walichokiacha ni mawe. Mifupa ya wafu wa ukoo huwekwa chini ya mawe makubwa ya bapa yaitwayo sasandiri. Katika kijiji cha Chokahatu yalihesabiwa zaidi ya mawe 7,000 katika miaka ya 1870, yakiwa yamebanana katika eneo ambalo mtu alizunguka kwa miguu kwa muda mfupi. Wanahistoria wa majengo huipita nchi hii upesi kwa kuwa hawaoni nguzo wala minara ya kuandika. Lakini kwa Mmunda mawe hayo yalikuwa na kazi mbili kwa pamoja: yalimtunza mfu, na yalithibitisha kwamba ukoo ule ndio uliofyeka ardhi ile na kwa hiyo ni yake. Haki hiyo ya wafyekaji wa kwanza huitwa khuntkatti. Twasisitiza jambo hili kwa sababu yote yafuatayo hutokana nalo.

Mahekalu ya kuta yalikuja kwa njia nyingine. Wafalme wa ukoo wa Nagvanshi, waliotawala Chota Nagpur kwa karne nyingi, walivuta karibu nao desturi za Kihindu za mabonde, wakawaita makuhani wa Kibrahmin na watumishi kutoka nje, na kuwalipa kwa kuwapa vijiji. Hekalu la Jagannathpur, juu ya kilima karibu na Ranchi, lilijengwa mwaka 1691 na Ani Nath Shahdeo wa ukoo huo kwa mfano wa hekalu kuu la Puri; nalo, kama ilivyokuwa desturi ya mahekalu ya kifalme, lilipewa ardhi ya kulitunza. Liliporomoka mwaka 1990 na kujengwa upya. Kila mwaka magari ya miungu huvutwa hapo mbele ya umati mkubwa, na miongoni mwa wanaoshika kamba wamo pia Waoraon na Wamunda. Hatusemi kwamba hekalu hilo ni la uonevu. Kwa vizazi vingi watu wameomba hapo kwa moyo wa kweli. Twasema tu kwamba kijiji kilichopewa kuhani au askari wa mfalme kilikuwa tayari na wenyewe, na mawe yao yalikuwa yamelala pale pale. Baada ya Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India kuja na mahakama zake zilizodai karatasi, wapokeaji wa vijiji wakageuka kuwa makabaila. Uasi mkubwa wa 1831 na 1832, ambao Waingereza waliuita uasi wa Wakol, ulitoka huko.

Mahekalu mengine twayataja kwa ufupi. Maluti, karibu na mpaka wa Bengali, palijengwa mahekalu 108, na 72 yangalipo, yakiwa na vigae vya udongo vilivyochongwa visa vya Ramayana na Mahabharata. Deoghar ni mojawapo ya mahali 12 patakatifu sana pa Shiva. Katika mwezi wa Shravan mahujaji hubeba maji ya mto Ganges kutoka Sultanganj kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, ili kuyamimina juu ya jiwe la hekalu. Lakini Rajrappa pastahili kutuama kidogo. Hapo mto mdogo wa Bhairavi huangukia mto Damodar, na juu ya mwamba wa makutano pana hekalu la mungu wa kike Chhinnamasta, ambako mbuzi huchinjwa. Damodar huyo huyo ndio mto ambao Wasantali hupeleka vipande vya mifupa ya wafu wao ili vichukuliwe na maji. Je, Rajrappa ni maporomoko au ni hekalu? Mwandishi wa orodha huiweka upande wa mahekalu kwa sababu ya ukuta alioukuta pale.

Katika nchi hiyo waliingia wamisionari wanne waliotumwa na Johannes Gossner wa Berlin: Schatz, Batsch, Brandt na Janke. Walifika Ranchi tarehe 2 Novemba 1845. Miaka mitano walihubiri pasipo mavuno miongoni mwa wenyeji. Kisha wakaja Waoraon wanne, watu waliokuwa wamekwisha kuacha matambiko wakifuata mafundisho ya Kabir, nao wakaomba waonyeshwe Yesu kwa macho. Walibatizwa tarehe 9 Juni 1850. Kanisa kubwa la mawe la Ranchi liliwekwa wakfu mwaka 1855, na katika vita vya 1857 lilipigwa kwa mizinga huku Wakristo wakikimbilia misituni. Alama za mizinga zimehifadhiwa ukutani hata leo.

Baada ya vita watu waliomiminika kanisani walikuwa maelfu, na hapa yatupasa kusema wazi. Wengi walikuja kwa ajili ya Injili na kwa ajili ya ardhi, na hawakuona sababu ya kutenganisha mambo hayo mawili. Walitumaini kwamba padre mzungu angesimama mahakamani dhidi ya kabaila. Wamisionari wa Gossner walisaidia kwa kiasi, kisha wakaogopa kwamba Kanisa lingegeuka kuwa chama cha madai. Viongozi wa Wamunda walioitwa Sardar, baadhi yao Wakristo wa Kilutheri, waliandika maombi kwa serikali kwa miaka mingi. Wazee husimulia kwamba walipoulizwa hati za ardhi, Wamunda walichukua mawe ya makaburi yao wakayabeba hadi Calcutta, zaidi ya kilomita 300, wakayaweka mbele ya wakubwa. Mahakama haikusoma mawe. Kuanzia mwaka 1885 Mjesuiti Constant Lievens aliingia kwa njia ya kesi za ardhi, na Walutheri wengi wakamfuata.

Kwa upande mwingine, wamisionari hao hao waliwakataza waumini wasiende kwenye sadaka za sarna, na makaburi ya Kikristo yakawa mahali pake. Katazo hilo twalielewa. Sisi wenyewe twajua jinsi wazee wetu walivyoachishwa matambiko. Lakini ni wachache waliouliza, je, familia iachapo jiwe la ukoo yaacha nini pamoja nalo? Kwa mmisionari jiwe lilikuwa la dini ya kale. Kwa ndugu waliobaki lilikuwa pia orodha ya warithi. Swali hilo halijafungwa: katika miaka ya karibuni wapo wanaodai hadharani kwamba mwenyeji aliyebatizwa apoteze haki za kabila lake.

Kijana mmoja alilisikia swali hilo shuleni. Birsa Munda, mzaliwa wa 1875, alibatizwa kwa jina la Daudi na kusoma katika shule ya misioni ya Wajerumani huko Chaibasa, kisha familia yake ikaliacha Kanisa. Yeye aliwahubiri Wamunda waache roho nyingi na kumwabudu Mungu mmoja, na akawaambia kwamba nchi ni yao. Katika mkesha wa Krismasi wa 1899 wafuasi wake walishambulia makanisa na vituo vya misheni kwa mishale. Januari iliyofuata watu wake walipigwa risasi katika kilima cha Dombari, naye alikufa katika gereza la Ranchi tarehe 9 Juni 1900, miaka 50 kamili tangu ubatizo wa wale wanne. Hatujui kama kuna mhubiri wa Ranchi aliyeliona hilo siku ile. Mwaka 1908 serikali ilitoa Sheria ya Upangaji wa Ardhi ya Chota Nagpur, iliyoitambua khuntkatti na kuzuia ardhi ya wenyeji kuhamishwa ovyo. Mjesuiti Hoffmann, bingwa wa lugha ya Kimunda, alikuwa na mkono katika kuiandaa.

Kanisa la Gossner lilijitangazia kujitegemea tarehe 10 Julai 1919, baada ya wamisionari Wajerumani kuondolewa kwa sababu ya vita, jambo ambalo sharika zetu za Tanganyika zililipitia pia katika miaka hiyo. Jharkhand ikawa jimbo tarehe 15 Novemba 2000, siku ya kuzaliwa Birsa.

Kabla ya miezi mitatu kupita, mawe yalirudi. Tangu miaka ya 1970 kulikuwa na mpango wa kuziba mito ya Koel na Karo ili kuzalisha umeme wa megawati 710, na vijiji zaidi ya 100 vingeguswa. Wamunda, wa sarna na Wakristo pamoja, walijibu kwamba nyumba yaweza kulipwa, bali sarna na sasandiri hazihamishiki. Tarehe 2 Februari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji huko Tapkara, wakafa watu wanane. Mwaka 2003 mpango huo uliachwa. Hundru haikuwa na bahati hiyo: bwawa la Getalsud lililokamilika mwaka 1971 huyapeleka maji ya Subarnarekha kwenye mitambo ya Sikidiri, na mtalii afikaye wakati wa kiangazi huona mwamba mpana wenye uzi wa maji.

Umebaki mlima Parasnath, wenye mita 1,365. Wajaini huuheshimu kuliko milima yote, kwa kuwa walimu 20 kati ya walimu wao 24 walifikia ukombozi hapo, na vilele vyake vimejaa mahekalu yao. Wasantali huuita Marang Buru, Mlima Mkuu, jina ambalo ni pia la mungu wao. Serikali ilipotaka kuuendeleza kwa utalii, Wajaini wa India nzima waliandamana na kufunga, na tarehe 5 Januari 2023 serikali kuu ilisimamisha shughuli zote za utalii mlimani na kuagiza kwamba pombe na nyama vikatazwe. Wasantali, ambao matambiko yao huhitaji kuchinja, walikusanyika mwezi huo huo chini ya mlima wakiuliza ni nani aliyeulizwa. Sarna yao iko pale, karibu na njia wanayopanda mahujaji, pasipo paa wala ukuta.