Mchezo wa Sultan Khan na Capablanca

Katika mji wa Hastings, ulio pwani ya Uingereza, hufanywa mashindano ya sataranji wakati wa Krismasi na mwaka mpya. Twapenda kuwasimulia mchezo mmoja wa mashindano ya 1930–31, kwa sababu watu wawili walioucheza walifika mezani kwa njia zisizofanana hata kidogo.

Mmoja ni José Raúl Capablanca wa Kuba, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1921 hata 1927. Tena kwa miaka minane, toka 1916 mpaka 1924, hakushindwa mchezo hata mmoja wa mashindano. Wa pili ni Sultan Khan, kijana wa Punjab, aliyefika London mwaka 1929 pamoja na mkubwa wa kwao, Sir Umar Hayat Khan. Sataranji aliyofundishwa na baba yake ilikuwa ya Kihindi, ambayo askari haruki nyumba mbili katika hatua yake ya kwanza. Basi ilimpasa kujifunza sheria upya, akiwa mtu mzima, mbele ya watu waliozizoea tangu utoto.

Sultan Khan alishika kete nyeupe. Katikati ya mchezo Capablanca aliziingiza ngome zake mbili ndani kabisa ya safu za mwenziwe, akazitoa zote mbili ili amkamate malkia. Kwa hesabu tupu mabadilishano hayo hayana hasara kubwa, na malkia mkononi mwa fundi kama yule ni kitu cha kutisha. Lakini malkia hutaka nafasi, nayo haikuwapo. Askofu wake alikuwa amezibwa nyuma ya askari wake mwenyewe, na ngome nyeupe zikaishika njia iliyo wazi. Wako wasemao kwamba bingwa aliteleza tu. Sisi hatuoni hivyo. Twaona alibanwa pole pole, na ubanaji wa namna hiyo ulikuwa sanaa yake mwenyewe. Baada ya hatua 65 akakubali kushindwa.

Mashindano yalipokwisha, Euwe wa Uholanzi alikuwa wa kwanza, Capablanca wa pili, Sultan Khan wa tatu. Ubingwa wa Uingereza aliutwaa mara tatu, 1929, 1932 na 1933. Kisha akarudi kwao, akalima. Alifariki mwaka 1966. Chama cha sataranji cha dunia kilimpa cheo cha juu cha heshima mwaka 2024.