Nani Mwenye Kusema Basi?

Mzee akilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, huku kwetu pwani ukoo huitana upesi. Aliye Muscat hupiga simu usiku wa manane, wa Nairobi hupanda basi, kundi la WhatsApp la familia hufunguliwa na mchango ukaanza. Daktari akiuliza kama mashine ya kupumulia iendelee, mara nyingi anayejibu ni aliyetoa fedha nyingi, au mwanamume mkubwa kuliko wote waliofika. Binti aliyekaa na mzee miaka yote, aliyemgeuza kitandani na kumfulia shuka, yuko nje kwenye benchi na chupa ya chai. Haulizwi. Nashikilia kwamba hapo tunakosea, na kwamba mapokeo ya dini tunayoyataja kwa sauti kubwa katika vikao hivyo, yakisomwa taratibu, yanatuelekeza kwenye benchi lile.

Naanza na Wayahudi, maana kisa chao ndicho kilichonikaa moyoni. Talmudi, kitabu chao kikuu cha sheria na visa, inasimulia kifo cha Rabi Yehuda ha-Nasi, mkusanyaji wa Mishna, mkusanyiko wa sheria zao, huko Galilaya mwanzoni mwa karne ya 3. Wanafunzi wake walifunga na kuomba bila kukatiza, wakamtishia upanga yeyote atakayethubutu kusema kwamba mwalimu amekufa. Mjakazi wa nyumba akapanda juu ya paa. Mwanzoni naye aliomba mzee abaki duniani. Kisha akaona ni mara ngapi anakwenda msalani, kila mara akivua tefilini, vile vijisanduku vya maandiko ambavyo haviingizwi mahali pa uchafu, na kila mara akivivaa tena kwa maumivu. Dua yake ikageuka: sasa alimwombea apumzike. Wanafunzi hawakunyamaza hata kidogo. Basi akachukua mtungi, akautupa kutoka paani. Kishindo kikawashtua, sala ikakatika kwa nukta moja, na roho ya mzee ikatoka.

Waliokuwa chini walijua sheria kuliko mtu yeyote wa zama zao. Mjakazi alijua habari za msalani. Talmudi haimlaumu kwa neno lolote, na katika karne ya 14 Rabi Nissim wa Gerona alikitegemea kisa hicho kufundisha kwamba ziko nyakati inapofaa kumwombea mgonjwa mauti. Mpaka nao uliwekwa. Moshe Isserles wa Kraków, karne ya 16, alikataza tendo lolote la kuharakisha kifo, lakini akaruhusu kuondoa kitu cha nje kinachoizuia roho kutoka, mfano kelele za mtu anayepasua kuni karibu na nyumba. Mashine zetu ni za upande upi, za dawa au za kelele za kuni? Marabi wanabishana hadi leo, na wana haki ya kubishana.

Waislamu wana kisa kilicho kifupi zaidi, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mwanamke mweusi mwenye kifafa alimwendea Mtume amwombee dua. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba jambo moja, asiwe anafunuka nguo anapoanguka. Hakuwa mzee wala hakuwa mahututi, lakini wanazuoni wengi wamekitumia kisa hiki kama hoja kwamba kutafuta matibabu si wajibu kwa kila mgonjwa katika kila hali. Mimi kinachonigusa ni lile ombi la sitara. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyejua kinachomuumiza zaidi, na halikuwa jambo ambalo sisi tungelikisia. Na katika Surat al-Israai, amri ya kutowakemea wazazi wala kuwaonyesha kuchoshwa inawahusu wanapofikia uzee wakiwa kwako, chini ya uangalizi wako. Maneno hayo hayamlengi anayetuma fedha tu. Wanaosema kwenye vikao kwamba kuondoa mashine ni kuua kwa kila hali hawana budi kujua pia kwamba Baraza la Kimataifa la Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, lilikutana Amman mwaka 1986 likaruhusu vifaa hivyo viondolewe, pale ubongo ulipokoma kabisa na wataalamu wakathibitisha kuwa hautarudi.

Wakatoliki walilifikia jambo hili kupitia jikoni. Francisco de Vitoria, mwalimu wa Salamanca katika karne ya 16, alifundisha kuwa mgonjwa halazimiki kula kuku na vyakula vya bei hata kama tabibu amesema vitamwongezea miaka, wala kutoa mali yake yote kununua dawa. Novemba 1957 Papa Pius XII aliwaeleza madaktari wa nusukaputi kwamba wajibu unaishia kwenye njia za kawaida, zisizokuwa mzigo mzito kwa mgonjwa au kwa mwingine, kwa kuangalia mtu, mahali na wakati. Natamani maneno hayo yasomwe kila shamba la mwisho la familia linapouzwa kulipia wiki mbili za mashine, na wajukuu wakabaki bila ada wala pa kulima. Anayejua uzito wa mzigo ni aliyeubeba, naye ndiye tuliyemwacha nje.

Kuna pingamizi moja, nalo ni zito. Aliye karibu ndiye huyo huyo anayeweza kuchoka, na ndiye anayeweza kuitaka nyumba. Hatuna haja ya kwenda mbali. Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mvi zao zikafanywa ushahidi, na nyuma ya shutuma mara nyingi kuna ugomvi wa ardhi. Huko huko, Ganze, kuna kituo cha Kaya Godoma kinachowapokea wazee waliokimbia jamaa zao wenyewe. Usukumani, Tanzania, vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa meko ya miaka mingi. Jamii inayojisifu kwa heshima ya wazee imefanya haya, na ukaribu haukuwakinga.

Lakini mjakazi wa Rabi hakuwa na urithi wa kungojea. Fikihi ililiona jambo hilo mapema ikamnyima muuaji urithi wa aliyemuua. Kwa hiyo ushahidi wa anayeuguza una sharti: kifo kile kisimnufaishe, na mzee mwenyewe, akiwa bado na kauli, awe wa kwanza kusikilizwa. Na kauli ya mzee haianzi hospitalini. Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, ni fedha ndogo, lakini mzee mwenye chake hatamki neno kama mtu anayeomba. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya inampa haki ya kutunzwa na familia pamoja na serikali, si mmoja wao peke yake.

Anayeuguza naye anahitaji kitu mkononi. Wengi hukimbizwa kwenye mashine kwa kuwa nyumbani hakuna cha kutuliza maumivu. Uganda imeonyesha njia: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993, ilieneza mofini ya maji, dawa ya kunywa isiyo ghali, na mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuiandika wenyewe. Mgonjwa wa kijijini anaweza kumaliza siku zake bila kupiga kelele za uchungu, akiwa kati ya watu wake.

Wosia zetu hutaja deni, sanda, nyumba na nani asimamie mirathi. Mahakama ya Juu ya India iliruhusu mwaka 2018 mtu aandike mapema matibabu asiyoyataka atakapokuwa hajiwezi. Sisi hatuhitaji kusubiri mahakama ili kuongeza mstari mmoja kwenye karatasi ile: jina la mtu wa kuulizwa mzee akishindwa kusema, na sababu ya kumchagua yeye. Mstari huo usomwe kwenye kundi la WhatsApp kabla mchango haujaanza.